Mwanamke wa Tatu wa Udongo

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya uongo. Nausema mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda Ufipa kutalii, ingawa niliyoyaona huko yangetosha kabisa kuwa sababu.

Baba yangu ni Mfipa. Alihamia Mbeya akiwa kijana, akamwoa mama yangu, Mnyakyusa, na tangu hapo akawa anarudi kwao kwa misiba tu. Siku anaondoka Sumbawanga alibeba begi moja na sanamu ndogo ya udongo wa kuchoma, ya kukaa kiganjani. Wanawake watatu wamesimama na mizigo kichwani, mbele yao mwanamke mmoja amepiga magoti, na katikati yao kuna kigoda. Ni hadithi ya zamani sana ya Ufipa. Mfalme alisafiri, akamwachia mkewe kigoda cha enzi na kumwonya kwamba watakuja wageni, asiwape. Wakaja wanawake watatu kutoka kaskazini, warefu, wamechoka na njia, na yule mke akawapa. Mmoja wao akakaa, na tangu siku hiyo nchi ikawa yao. Mfalme mwenyewe hayumo kwenye sanamu. "Hayupo, ndiyo maana yote yametokea," baba hupenda kusema.

Presha ya macho imemmalizia baba nuru yote. Redio anaisikia, wajukuu anawatambua kwa kuwashika vichwa, lakini kitu anachokiona, kwa maneno yake mwenyewe, ni ile sanamu. Kila asubuhi baada ya uji alikuwa akiipakata na kuipitishia vidole polepole, mtu mmoja baada ya mwingine, huku midomo ikitembea. Mimi ndiye niliyeachiwa kuitunza, na mimi ndiye niliyeivunja. Ilikuwa Jumamosi, baba yuko kwenye jumuiya na mdogo wangu, nami nafuta vumbi kwa haraka kama kawaida yangu. Sanamu ikaniponyoka. Mwanamke wa tatu akagonga sakafu, akawa vigae.

Baba aliporudi na kuiulizia, ulimi wangu ulitangulia akili. Nilimwambia nimeifungia kabatini mpaka fundi amalize kupaka rangi chumba. Fundi hakuwepo. Kila asubuhi akawa ananiuliza, "Fundi bado?" nami namjibu, "Bado, baba." Wiki ya tatu akaacha kuuliza, akawa anakaa na mikono mitupu magotini, na hapo ndipo niliposhindwa kulala. Niliomba likizo ofisini, nikamwachia mdogo wangu nyumba, nikamwambia baba nasafiri kikazi. Huo ukawa uongo wa pili. Nilitaka nimtafute aliyeifinyanga, au mtoto wake, au mtu yeyote mwenye mkono kama ule, anitengenezee mwanamke mwingine kabla baba hajajua.

Wenzangu wa masijala walinitania nisisahau kurudi na miguu yangu yote miwili, maana watu wakisikia Sumbawanga mawazo yao yanakwenda kwenye uchawi tu. Niliwaambia mchawi ninayemjua mimi anakaa Mbeya na anadanganya wazee. Wakacheka, hawakujua nasema kweli.

Asubuhi ya Jumatatu nilipanda basi nikiwa nimeipakata sanamu ndani ya kanga, na vigae vya yule wa tatu kwenye leso iliyofungwa fundo. Baada ya Tunduma barabara iligeukia kaskazini, na nchi ikaanza kupanuka. Sijui niieleze vipi Ufipa kwa mtu aliyezoea milima ya Mbeya inayomkaba pande zote. Ni uwanda wa juu, mtupu, wa nyasi zilizokauka rangi ya asali, na upepo unaokwenda bila kuzuiwa na chochote. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Mara kwa mara kijiji kilijitokeza na mikaratusi yake, ng'ombe wachache, uzio wa mabua, kisha kikayeyuka nyuma ya kioo. Nilisinzia, nikaamka, nikakuta mandhari ni ile ile, nikashindwa kujua kama nimelala dakika mbili au saa nzima. Katika kusinzia huko niliwaona wanawake watatu wakitembea kandokando ya barabara na mizigo kichwani, na basi haliwapiti. Nilipofumbua macho kweli walikuwepo watatu, wamebeba kuni. Basi likawapita.

Sumbawanga nilifika mchana wenye jua kali na upepo baridi, vyote kwa pamoja. Nililala nyumba ya wageni karibu na soko, na asubuhi yake nikaingia upande wa vyungu. Muuzaji mmoja, mama mwenye koti la sufu na kilemba, aliipokea sanamu kwa mikono miwili, akaigeuza chini juu kabla hata ya kuwatazama wale wanawake.

"Unaona hizi kucha mbili?" aliniuliza. Chini ya kitako kulikuwa na alama mbili za ukucha zilizotazamana, ambazo sikuwahi kuziona miaka yote. "Hizi ni za Bibi Skolastika. Yupo, bado anafinyanga. Ila mjini haji tena, miguu."

"Anakaa wapi?"

"Kule ukingoni, njia ya kushukia Kaoze. Chukua bodaboda, mwambie kwa bibi wa mamajusi. Atakufikisha."

Sikuelewa mamajusi wanaingiaje, lakini dereva wa bodaboda alielewa. "Shikamoo mama, panda," aliniambia, na tukaondoka katika ukungu mzito kiasi kwamba kwa muda mrefu sikuona zaidi ya kofia yake. Sauti zilitangulia vitu. Nilisikia kengele za ng'ombe kabla ya ng'ombe, jembe kabla ya mkulima. Kisha ukungu ukafunguka kwa mara moja, na nchi ikaisha. Mbele yetu bonde la Rukwa lilishuka chini sana, na mbali kabisa ziwa lililala jeupe, halina ukingo unaoeleweka na anga. Dereva alizima pikipiki bila kuambiwa.

"Hata sisi wa hapa huwa tunasimama," alisema. Tukasimama.

Nyumba ya Bibi Skolastika ilikuwa ya tofali za kuchoma, na ua uliofagiwa vizuri. Alinipokea mkwewe, Lukresia, mama wa makamo mpole sana. Aliniambia bibi amekwenda mtoni kuchimba udongo, hatakawia. Akaingia ndani kunitafutia kiti. Mgongo wangu ulikuwa umechoka na pikipiki, na karibu na ukuta kulikuwa na kigoda kifupi, cheusi kwa kukaliwa. Nikakaa.

Lukresia alitoka na kiti cha plastiki, akaniona, akasimama mlangoni. Kabla sijauliza kuna nini, bibi kizee mwembamba aliingia uani na beseni la udongo kichwani, akatembea hadi mbele yangu, akanitazama.

"Umekaa," alisema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekaa."

Nilisimama haraka, lakini alinipungia mkono nirudi. Lukresia ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini. Katika ua ule kigoda kile ni cha mfinyanzi, na hakikaliwi na mtu mwingine. Udongo unapoingia uani, ni mali ya yule uliyemkuta amekikalia. Yeye ana miaka mingi ya ndoa pale na hajawahi kukigusa ila kwa ufagio. Bibi alilitua beseni miguuni pangu, maji yakanirukia kwenye viatu.

"Udongo wako huo," alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umeanza na jembe."

Nilidhani ananitania. Nilifungua kanga, nikamwonyesha sanamu na nafasi tupu, nikamweleza ninachotaka. Macho yake yalilainika alipoiona. Alipitisha kidole gumba mgongoni mwa mke aliyepiga magoti.

"Hii niliifanya ningali mwari," alisema. "Baba yako simkumbuki, usinidai. Udongo naukumbuka. Ulitoka kwenye ukingo wa mto uliobomoka. Haupo tena ule."

"Basi, bibi, nakuomba unifinyangie mwingine. Hata kama udongo si ule."

"Mimi siwezi leo. Nani amekaa kwenye kigoda?"

"Sikujua, bibi."

"Na hao watatu, unadhani walijua?" Alicheka sasa, meno machache, akamgeukia Lukresia na kusema kitu kwa Kifipa. Lukresia akacheka na yeye, akajiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mimi, mtu mzima, mtumishi wa serikali, nilitaka kulia.

Siku ile ile alianza kunifundisha, na jambo la kwanza lilinichoma moyo. Aliomba ile leso. Nilikuwa nimevileta vigae nikitumaini labda kuna gundi, labda kuna dawa ya kienyeji ya kuunga. Alivimimina juu ya jiwe la kusagia, akachukua jiwe dogo, akaanza kuvisaga. Nilipiga ukelele. Uso wa mwanamke wa tatu, ule uliobaki mzima kuanzia pua hadi kidevu, ulikuwa unga mwekundu mbele ya macho yangu.

"Udongo mtupu hupasuka motoni," alisema bila kusimama. "Lazima uchanganywe na uliokwisha kuungua. Wewe ulitaka kumbeba mpaka lini ndani ya leso?"

Tuliuchanganya ule unga na udongo wangu, tukakanda. Mikono ya bibi haikugusa. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaniongoza kwa kidole na kwa maneno. Fanya bonge. Vuta shingo. Usimloweshe maji mengi, utamfanya mgonjwa. Mwanamke wangu wa kwanza alianguka kifudifudi kabla hajakauka. Wa pili alisimama, lakini alifanana na mchi. Siku ya pili yake nilifinyanga wawili waliofanana kidogo na binadamu, na bibi akaniambia niwaache kivulini, nisiwapige jua wala nisiwahurumie.

Zilikuwa siku za ajabu, na nikizikumbuka sasa zinanijia kama kitu nilichosimuliwa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni kila asubuhi, ukaingia uani, ukatukuta tumekaa. Kuku walipita ndani yake. Mchana upepo uliufagia, na kule chini ziwa likajitokeza, mara bluu, mara halipo. Tulikula ugali wa ulezi na samaki wakavu, migebuka ya kutoka Kasanga, na jioni mapema kila mtu alijifunika blanketi. Bibi alizungumza Kifipa na udongo na Kiswahili na mimi. Wakati mwingine alichanganya, nikajikuta nami najibu mambo ambayo sikuwa na hakika nimeyaelewa.

Ndipo nilipojua habari za mamajusi. Kwenye rafu ya chumba chake kulikuwa na wanawake watatu wale wale, mafungu kwa mafungu, na baadhi yao walikuwa na ndevu.

"Krismasi watu wanataka mamajusi wa kuweka pangoni," alisema. "Watatu, wametoka mbali, wamebeba mizigo. Nawaongezea ndevu tu."

"Padri hasemi kitu?"

"Padri alininunulia seti mbili." Aliangalia rafu yake kwa kuridhika. "Naye anajua ni wanawake. Ni wa huku huku."

Alasiri ya siku ya tatu, mizigo ya kichwani imekwisha kubandikwa, bibi aliniuliza swali nililokuwa nalikwepa.

"Baba yako anasemaje kuhusu hii kazi?"

"Hajui, bibi. Hajui hata kama ilivunjika." Nikamweleza yote, fundi wa rangi, kabati, safari ya kikazi. Nilipomaliza nilikuwa nimeuminya udongo mkononi mpaka umetoka kati ya vidole.

Bibi Skolastika aliishika sanamu ya zamani, akaniwekea kidole kwenye mke aliyepiga magoti.

"Huyu unamjua alifanya nini mumewe aliporudi?"

"Baba anasema mfalme alirudi akakuta wageni wamekaa. Hadithi inaishia hapo."

"Wanaume wanaishia hapo. Mama yangu aliendelea. Alisema yule mke alitoka akamfuata njiani, mfalme bado na mkuki begani, bado na vumbi, hajanywa maji. Akamwambia: ulinipa kitu nikitunze, nimekitoa. Kamwambia kabla hajafika nyumbani akaambiwa na watu. Ndiyo maana hakumfukuza. Walikaa pamoja mpaka uzee." Akairudisha sanamu magotini pangu. "Udongo uuwahi ungali maji. Ukikauka na kosa lake, hata ukiulilia haukunjiki."

Nilijua fika kwamba nimekuja mbali kote kule kutafuta njia ya kutosema sentensi moja. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na nafuu ndani yake.

Siku ya Jumamosi asubuhi tulichoma. Lukresia alitandika samadi iliyokauka na maganda ya miti, tukawapanga wanawake wangu wawili katikati ya vyungu vya bibi, tukawafunika kwa nyasi nyingi. Bibi alinipa kiberiti mimi. Moto ulishika kwa upepo wa ukingoni, moshi mweupe ukaelekea bondeni ukachanganyika na ukungu, nami nikakaa kwenye kigoda changu nikisikiliza. Baada ya muda kulikuwa na mlio mmoja mkavu. Bibi hakugeuka.

"Mmoja amekwenda," alisema.

Tulisubiri majivu yapoe hadi saa tisa alasiri. Lukresia aliyachambua kwa kijiti. Mmoja alikuwa vipande. Wa pili alikuwa mzima, mwekundu, na doa jeusi mgongoni pale moshi ulipomlamba. Alikuwa mnene kuliko wenzake, bega moja juu, na shingo fupi iliyomeza kidevu. Nilimkumbatia angali wa moto, nikaungua, na nikacheka peke yangu. Bibi alimgandisha kwenye nafasi yake kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo. Nilimwomba amlainishe kwa kokoto lake, amwondolee alama za vidole vyangu, angalau asitie aibu. Alikataa.

"Si wangu huyo. Weka ukucha wako chini, uende."

Nilipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu na yenye vumbi, akaniambia nimsalimie mfalme.

Jumapili nilirudi kwa njia ile ile, nyasi zile zile, ukimya ule ule. Safari hii sikusinzia. Nilipanga maneno kutoka Laela hadi Tunduma, nikayapangua, nikayapanga upya. Nilipofika getini kwetu Mbeya jua lilikuwa bado liko juu ya paa, na baba alikuwa amekaa barazani na koti lake, ameelekeza uso kwenye joto. Alinitambua kwa hatua.

"Umerudi, mwanangu. Tua mzigo."

"Shikamoo, baba. Situi kwanza. Niliivunja sanamu yako. Mwanamke wa tatu. Hakuna fundi wala rangi, wala sikwenda kikazi. Nilikudanganya."

Begi lilinivuta bega. Baba hakusogea. Ndani nilimsikia mdogo wangu akiacha kugonga sufuria.

"Iliyovunjika ni hiyo tu?" aliuliza mwishowe.

"Ni hiyo tu, baba."

"Mimi nilidhani umenificha," alisema. "Nilidhani umeona nimezeeka, mikono imekwisha, ukaitoa nisije nikaivunja mimi. Nikasema moyoni, sawa, hata hiyo sasa siaminiwi."

Hapo nililia, na sikuona haya kulia. Wiki zile zote nilikuwa nalinda siri yangu, na yeye amekaa na mikono mitupu akijiona mzigo katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hilo ndilo nililojifunza, na sikulijifunza Ufipa, nililijifunza barazani kwetu. Baba angeweza kuvumilia kitu kilichovunjika. Kilichomvunja ni kile kimya nilichokipaka rangi.

Nilitua begi, nikamwekea sanamu magotini. Vidole vyake vilianza kwa mke, vikapita kwenye kigoda, kwa mwanamke wa kwanza, kwa wa pili, vikafika kwa wa tatu na kusimama. Alimpapasa begani, tumboni, kwenye ile shingo fupi, akakuta alama za vidole vyangu, akakaa nazo.

"Mnene huyu," alisema. "Nani kamfanya?"

"Mimi."

Kidole gumba chake kilibaki ndani ya alama ya changu. Nikamweleza ya bibi, na kigoda, na moto, na namna yule mke alivyomfuata mumewe njiani kabla hajafika nyumbani. Baba aliinua uso.

"Hapo sijawahi kupasikia," alisema. "Anza tena, taratibu. Alimfuata njiani, kisha?"